Saa Mbili za Mwalimu Anayenyonyesha

Siku 84 ni wiki 12 kamili. Mwalimu aliyeanza likizo ya uzazi siku za mwanzo za Januari anatakiwa kusimama tena mbele ya ubao mwishoni mwa Machi, mtoto akiwa hajatimiza miezi mitatu. Kliniki anakompeleka mtoto huyo inamwambia, kama Shirika la Afya Duniani linavyosema, kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita. Hapo katikati pana miezi mitatu ambayo kila mama mwalimu huivuka kwa namna yake: mwingine anambeba mtoto mgongoni hadi ofisi ya walimu, mwingine anaanza uji mapema kwa shingo upande, na mwingine anaacha kazi.

Kwenye mikoa ya Shinyanga na Geita miezi hiyo ina uzito wake. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabu mkoa wa Geita kuwa na watu 2,977,608 na Shinyanga watu 2,241,299, na miji ya dhahabu kama Katoro na Kahama hupokea wageni wapya kila machimbo mapya yanapotajwa. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, wageni hao huja na watoto wanaohitaji dawati. Shule nyingine zimelazimika kufundisha kwa shifti, kundi moja asubuhi na jingine mchana. Mwalimu mkuu mwenye darasa la watoto zaidi ya mia moja hafurahii kusikia kwamba mwalimu wake mmoja anataka kuondoka mapema.

Hata hivyo nafasi ipo, na ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Haiko kwenye kazi ya nusu siku. Mwalimu wa serikali huajiriwa kwa muda wote, hulipwa mshahara wote na huwajibika kwa Tume ya Utumishi wa Walimu, na utaratibu wa kawaida haumpi mlango wa kuomba nusu ya vipindi kwa nusu ya mshahara. Likizo bila malipo ipo, lakini ni ya kuombwa, na mshahara unaposimama marejesho ya mkopo wa benki hayasimami. Nafasi yenyewe imejificha ndani ya karatasi inayobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya walimu kila muhula: ratiba. Anayejua kuiomba ratiba vizuri, kwa maandishi na kwa wakati, anaweza kupata saa za kumlea mtoto bila kukatwa senti wala kumwonea mwenzake.

Sheria inampa pa kuanzia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 33, inatoa likizo ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 kwa aliyejifungua mapacha. Kifungu hicho hicho kinamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Sheria hii inawahusu walimu wa serikali na wa shule binafsi Tanzania Bara. Marekebisho ya mwaka 2025 yaliongeza jambo ambalo akina mama wa watoto njiti walilisubiri kwa muda mrefu: likizo yao inarefushwa mpaka wiki 40 za ujauzito zitimie. Mama aliyejifungua mtoto wa wiki 32 asirudi shuleni akihesabu siku 84 tu. Ana wiki nane juu yake.

Saa mbili hizo ndizo zinazopotea bure kuliko haki nyingine yoyote ya mama mwalimu. Zinapotea kwa sababu haziombwi, au zinaombwa mdomoni kwenye korido, mwalimu mkuu anaitikia "sawa, tutaangalia," na kesho yake kipindi cha mwisho cha Darasa la Sita kinamngoja mama yule yule.

Hesabu ya vipindi inaonyesha nafasi ilivyo. Mwalimu wa sekondari mwenye vipindi 24 kwa wiki, kila kimoja dakika 40, anasimama darasani saa 16. Ukomo wa saa za kawaida za kazi kisheria ni 45 kwa wiki. Kinachobaki ni maandalio ya somo, kusahihisha madaftari, vikao, zamu na kusubiri. Kufundisha hakuwezi kuhamia nyumbani, ila sehemu kubwa ya kazi hizo nyingine inaweza. Mama anayeamka mara tatu usiku asijidanganye kwamba atasahihisha madaftari mia mbili saa tano usiku. Lakini azimio la kazi na maswali ya jaribio yanaandikika vizuri mtoto akilala mchana.

Swali la maana zaidi ni saa mbili zikae wapi, na jibu linategemea umbali. Mwalimu anayekaa kwenye nyumba ya shule, hatua chache kutoka darasani, hufaidika na pengo katikati ya asubuhi na jingine mchana, kwa sababu anaweza kwenda na kurudi. Mwalimu anayepanda bodaboda kutoka Geita mjini kwenda Mgusu, au kutoka Kahama mjini kwenda kijiji kimoja cha Halmashauri ya Msalala, hana faida na pengo la saa nne asubuhi. Muda wote utaishia barabarani, pamoja na nauli. Huyo aombe vipindi vyake vyote vianze na jua na viishe mapema, kisha saa mbili zikae mwisho wa siku. Kuomba "muda wa kunyonyesha" bila kusema muda gani ni kumwachia mtaaluma, yaani mwalimu anayepanga ratiba, kazi ya kukisia, naye atakisia kinachomfaa yeye.

Walimu wa msingi wana njia moja ya ziada. Vipindi vya Darasa la Kwanza na la Pili ni vya dakika 30, na watoto hao huachiwa mapema kuliko wakubwa. Kwa saa, kupangiwa huko ni nafuu. Kwa nguvu si nafuu hata kidogo, kwa maana kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu katika chumba kilichofurika ni kazi inayomaliza sauti na mgongo. Mama aliyejifungua kwa upasuaji apime mwili wake kwanza ndipo akubali.

Zamu nayo isisahaulike. Mwalimu wa zamu hufika kabla ya wanafunzi na kuondoka baada yao, wiki nzima. Ni wiki ambayo saa mbili za sheria humezwa kimyakimya. Ombi la busara ni kusogeza zamu mpaka mtoto atimize miezi sita na kuilipa baadaye, ikiandikwa wazi ni wiki zipi zitalipwa.

Wakati wa kuomba ni kabla ratiba haijachorwa. Ratiba kubwa huandaliwa kuelekea kufunguliwa kwa shule mwezi Januari, na marekebisho hufanyika shule zinapofunguliwa baada ya likizo ya katikati ya mwaka. Mama anayetarajia kujifungua mwezi wa Mei ana sababu ya kuzungumza na mtaaluma Desemba. Sheria yenyewe inamtaka atoe taarifa ya likizo ya uzazi kwa mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, akiambatanisha cheti cha daktari, na anaruhusiwa kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe hiyo. Barua ya pili, ya kunyonyesha, iandikwe wiki mbili au tatu kabla ya kurudi kazini. Inaweza kuwa fupi hivi:

"YAH: MUDA WA KUNYONYESHA. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninarejea kazini baada ya likizo ya uzazi. Kwa mujibu wa kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ninaomba saa mbili za kunyonyesha zipangwe kuanzia saa 7:30 mchana hadi saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Vipindi vyangu viwili vinavyoangukia muda huo, Jumanne na Alhamisi, vinaweza kuhamia asubuhi kwa kubadilishana na mwalimu wa Jiografia, ambaye tumeshakubaliana. Ninaomba utaratibu huu uangaliwe upya mtoto atakapotimiza miezi sita."

Nguvu ya barua hiyo iko katika sentensi ya kubadilishana vipindi. Mwalimu mkuu anayepokea ombi lenye suluhisho ndani yake anabakiwa na kazi ya kusaini. Anayepokea tatizo tupu hulilaza kwenye faili. Nakala igongwe muhuri wa kupokelewa na kutunzwa nyumbani, si kwenye droo ya ofisi.

Kubadilishana vipindi kunahitaji wenzake wakubali, na hapa ndipo urafiki wa ofisini hupimwa. Mwalimu wa kiume, au wa kike ambaye hajazaa, akibebeshwa vipindi vya alasiri muhula baada ya muhula, ataanza kunung'unika, na ana haki. Njia iliyo safi ni kulipa. Mama achukue vipindi vya kwanza vya Jumatatu ambavyo wengi huvikwepa, atunge mitihani ya wiki kwa somo zima, au asahihishe rundo la mwenzake. Daftari dogo la vipindi alivyosaidiwa na alivyorudisha linaondoa maneno. Kwenye shule yenye akina mama wawili wanaonyonyesha kwa wakati mmoja, wasiombe saa zile zile. Mmoja akiishia mapema, mwingine aingie kwa kuchelewa, nao wapokezane darasa.

Shule za shifti ndizo ambako ratiba ya namna hii ingewezekana kwa urahisi kuliko zote. Pale ambapo wanafunzi wamegawanywa asubuhi na mchana, mama apangiwe shifti moja kwa mfululizo badala ya kurukaruka kati ya mbili. Inasikitisha kuona shule iliyogawa siku ya watoto mara mbili ikimweka mama anayenyonyesha kuanzia asubuhi hadi jioni kwa kuwa hakuna aliyefikiria kumuuliza.

Walimu wakuu nao wana la kufanya lisilogharimu fedha nyingi: stoo ndogo iliyosafishwa, yenye kiti, pazia, komeo na ndoo ya maji ya kunawa. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea mahali pa kazi. Shule ya Kishapu au Nyang'hwale haihitaji kusubiri sheria ya namna hiyo ili kuweka pazia.

Ratiba ikikaa sawa, linabaki swali la nani anakaa na mtoto. Katika ukanda wa dhahabu, dada wa kazi hadumu. Machimbo yakifunguka jirani, akina mama lishe wanatafuta wasaidizi, na binti aliyekuwa akibembeleza mtoto kwa malipo ya mwezi anaona fedha ya kila siku kwenye kibanda cha chakula. Mwalimu asiweke mayai yake yote kwa dada mmoja. Awe na mtu wa pili anayemfahamu mtoto tangu mwanzo: bibi, wifi, jirani mstaafu. Na binti anayemwajiri awe mtu mzima, alipwe kwa mujibu wa sheria. Mwalimu anayemweka nyumbani mtoto wa miaka 13 ambaye angepaswa kuwa darasani anabomoa kwa mkono mmoja anachojenga kwa mwingine. Na kama binti alikatiza masomo kwa sababu ya ujauzito, Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 ulimfungulia mlango wa kurudi shule, na mwalimu ndiye wa kwanza wa kumweleza.

Kisha kuna hatari ambayo vitabu vya malezi vya mijini haviitaji, nayo ni zebaki. Wachimbaji wadogo wa Rwamgasa, Nyarugusu, Mwakitolyo na kwingineko huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa ili inase dhahabu, kisha huichoma ili dhahabu ibaki. Mvuke wake hauonekani, na hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, hasa ya mtoto mchanga na ya aliye tumboni. Wengine huchomea nyumbani, jikoni, kwenye kijiko. Kabla ya kumwacha mtoto kwa mlezi, mama aulize bila haya: kuna anayechoma dhahabu humu ndani? Nguo za kazini za baba au mjomba anayetoka machimboni zinafuliwa wapi, zinaanikwa wapi? Nyumba iko umbali gani na karasha linalosaga mawe na kutoa vumbi kutwa? Kama mama mwenyewe amepanga chumba kwenye nyumba ya namna hiyo, ahame. Kodi nafuu isiwe sababu ya kubaki.

Vituo vya kulelea watoto mchana ni njia nyingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo hivyo visajiliwe, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye wa kuulizwa kama kituo kina kibali. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ambayo inahimiza jamii zianzishe vituo vyao. Walimu watano au sita wa kata moja, wenye watoto wadogo na mshahara unaoingia kila mwezi, ni wateja wa uhakika ambao kikundi cha akina mama kinaweza kuwategemea. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia nne ni ya wanawake, inaweza kukisaidia kikundi hicho kupata mikeka, uzio na choo. Walimu wenyewe wakae upande wa kulipa ada na kukagua usafi.

Kwa maziwa, hali ya hewa ndiyo inayoamua. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kwa takriban saa nne kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Mchana wa Shinyanga mwezi Oktoba hupita nyuzi 30. Kwa hiyo maziwa ya saa moja asubuhi yasisubiri saa tano mezani. Yawekwe kwenye chombo safi chenye mfuniko, ndani ya kisanduku chenye barafu au friji kama ipo, na mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, ambacho husafishika kirahisi kuliko chupa. Mazoezi ya kukamua na kunywesha yaanze wiki mbili kabla ya mama kurudi kazini, mlezi akiwepo. Siku ya kwanza ya kazi si siku ya kumfundisha mtoto kikombe.

Baba hajasahaulika. Migodi mikubwa huendeshwa kwa shifti, na mara nyingi shifti ya saa 12, ikifuatiwa na siku za mapumziko. Familia yenye baba wa mgodini ibandike ratiba zake na za shule ukutani, zikiwa pamoja. Siku zake za mapumziko ziwe siku za kliniki, za kikao cha walimu, za zamu. Mchimbaji mdogo anayefuata rashi, yaani machimbo mapya, hadi wilaya nyingine hatabiriki namna hiyo, na mke wake apange kana kwamba hayupo.

Sasa kwa wale wanaoweza kupata nusu siku halisi, yaani walimu wa shule binafsi. Shule za mchepuo wa Kiingereza na sekondari binafsi za Kahama, Shinyanga mjini na Geita huajiri walimu wa pati taimu, hasa wa sayansi na hisabati. Kwa mama mwenye mtoto mdogo ni fursa nzuri, ila mikataba mingi ya mdomo humpunja mahali pawili.

Pa kwanza ni hesabu ya saa. Sheria inaeleza namna ya kuipata: mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha hugawanywa kwa saa za kazi za wiki. Tuseme mwalimu wa muda wote kwenye shule fulani hulipwa 600,000 kwa saa 45. Saa moja ni karibu shilingi 3,077. Anayefanya saa 20 kwa wiki anastahili kama 266,700 kwa mwezi. Akiambiwa 200,000 "kwa sababu ni pati taimu," sasa anajua amepunjwa kiasi gani. Na saa 20 hizo zisiwe za kusimama darasani peke yake. Kama analipwa kwa kipindi, kusahihisha na kuandaa kunakuwa bure, labda bei ya kipindi iwe imebeba kazi hiyo.

Pa pili ni likizo za shule. Malipo kwa kipindi hukauka Juni na Desemba, kodi ya nyumba haikauki. Ni heri kukubaliana kiasi kidogo kidogo kinacholipwa miezi yote 12 kuliko kikubwa cha miezi tisa. Mkataba uandikwe: kazi, mahali, saa, malipo, muda wa mkataba, tarehe ya kuanza. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hawezi kumkata mwalimu zaidi ya nusu yake. Hili ni la kudai hata kwa saa chache, kwa kuwa mafao ya uzazi ya mfuko hutegemea michango iliyoingia. Mwenye mpango wa kuzaa tena asikubali miaka miwili isiyo na mchango.

Kabla ya kupunguza kipato kwa njia yoyote, madeni yaangaliwe. Utumishi wa umma unataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato, lakini mkopo wa kausha damu haupiti kwenye makato. Unapita kwenye kadi ya benki iliyoachwa mikononi mwa mkopeshaji. Mama mwenye kadi iliyoshikiliwa hana mshahara wa kupunguza. Aumalize mkopo huo kwanza, kwa SACCOS ya walimu au kikundi cha VICOBA anachokiamini.

Kwa wengi, hata hivyo, tatizo kubwa kuliko saa ni kilomita. Kituo cha kazi kikiwa mbali na familia, ratiba nzuri haisaidii. Uhamisho wa kubadilishana, ambapo mwalimu wa Bukombe anampata mwenzake wa somo na ngazi ile ile anayetaka kwenda huko, huwa rahisi kukubalika kwa sababu hauachi pengo, na maombi hupita kwenye mfumo wa ESS wa watumishi. Kumtafuta mwenza kuanze wakati wa ujauzito, maana kunaweza kuchukua muda mrefu.

Na kilomita hupunguzwa na nyumba. Sheria ya madini inazitaka kampuni za migodi ziandae mpango wa kuihudumia jamii (CSR) na kukubaliana na halmashauri, na fedha za CSR zimeshajenga mengi: Sekondari ya Wasichana Nyankumbu, Geita, ilijengwa kwa fedha za mgodi wa GGM. Madarasa hupendwa kwa sababu hupigwa picha vizuri siku ya uzinduzi. Nyumba ya mwalimu ndani ya eneo la shule humrudishia mama saa mbili nyingine ambazo hakuna sheria iliyozitoa. Diwani ndiye anayekaa kwenye vikao vinavyopitisha mipango hiyo, na walimu wa kata wampelekee hoja hiyo kwa maandishi mgodi ukiwa bado hai. Mgodi wa Buzwagi, pale Kahama, ulifungwa mwaka 2021.

Kuhusu kinachoweza kudaiwa kwa pamoja, jirani ni mfano wa karibu. Mwaka 2021 vyama vya walimu nchini Kenya vilikubaliana na mwajiri wao likizo ya uzazi ipande kutoka siku 90 hadi 120, na ya baba kutoka 14 hadi 21. Makubaliano hayo hayakuwa na nyongeza ya mshahara, na wengi waliyapokea kwa masikitiko. Lakini kwa mama, siku 30 hizo ni mwezi mzima wa kunyonyesha. Uingereza, tangu tarehe 6 Aprili 2024, mfanyakazi anaweza kuomba rasmi saa zinazonyumbuka tangu siku ya kwanza ya kazi, na mwajiri lazima ajibu kwa sababu. Chama cha Walimu Tanzania kikibeba hoja ya namna hiyo, yaani haki ya kuomba ratiba na kujibiwa kwa maandishi, hazina ya serikali haitaguswa. Wanachama wa Geita na Shinyanga waipeleke kwenye mikutano ya wilaya.

Ombi likikataliwa, hatua ya kwanza ni kuomba kukataliwa huko kuandikwe. Wengi wa wanaokataa mdomoni hulegea wanapotakiwa kusaini. Mwalimu wa serikali afuate ngazi: mwalimu mkuu, afisa elimu kata, ofisi ya mkurugenzi, huku mwakilishi wa chama akiwa na nakala. Mwalimu wa shule binafsi akiachishwa kazi kwa sababu ya ujauzito, sheria haiitambui sababu hiyo kuwa halali, naye anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Mgogoro wa kuachishwa kazi upelekwe ndani ya siku 30, na migogoro mingine, kama kunyimwa saa za kunyonyesha, ndani ya siku 60. Siku hizo huanza kuhesabiwa tangu jambo lenyewe lilipotokea, na kufungwa kwa shule hakusimamishi hesabu.